Glavu kumi na moja za Kocha Baba: shajara ya kuzifufua

Shajara hii ni ya kazi moja: kuzirudisha uwanjani glavu za besiboli ambazo Baba alizikusanya alipokuwa kocha wa watoto hapa Dayton, Ohio. Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Besiboli sasa inachezwa na watoto Dar es Salaam, inachezwa Uganda, na kamba ya glavu ikikatika mahali ambapo duka la vifaa hivyo halipo, mwenye nayo anahitaji kujua afanye nini kwa sindano na koleo. Nitaeleza nilichofanya, nilichoharibu na nilicholipa. Habari za Baba zitaingia humohumo, maana siwezi kuzitenganisha na ngozi hizi.

Jumamosi, 6 Januari 2024: mfuko

Juzi binti yangu wa miaka 10 alirudi kutoka mazoezini akaniambia wenzake watatu hawana glavu, wanaazimana kwa zamu. Nikashuka besimenti. Baba na Mama walipostaafu na kurudi Tanga mwaka 2016 waliniachia nyumba hii na vitu vyake, na nyuma ya tanuri la kupashia nyumba joto ulikuwepo mfuko wa turubai wa kijani ambao sikuwa nimeugusa miaka yote hiyo.

Ndani: glavu tisa za mtoto anayerusha kwa mkono wa kulia (glavu yenyewe huvaliwa kushoto), moja ya mtoto wa mkono wa kushoto, na moja nene ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Jumla kumi na moja. Zote zimekakamaa, saba zina ukungu, nne zimekatika kamba kabisa. Na kwenye mfuko mdogo wa pembeni zilikuwamo kete za bao.

Hizo kete nizieleze kwanza. Baba hakuwa amewahi kuiona besiboli alipofika hapa kusoma mwaka 1987. Alikuwa mtu wa Coastal Union, timu ya soka ya Tanga, na mpira aliujua kwa redio, barazani, wakubwa wamekaa na watoto wamesimama. Mchezo huu mpya akaufuata kwa njia ileile. Kituo cha WLW cha Cincinnati, 700 AM, kinasikika Dayton vizuri sana, na watangazaji wa timu ya Reds, Marty Brennaman na Joe Nuxhall, ndio waliokuwa walimu wake. Nuxhall mwenyewe alirusha mpira ligi kuu mwaka 1944 akiwa na miaka 15. Baba alikuwa akinisimulia hilo usiku kama watoto wengine wanavyosimuliwa Abunuwasi. Reds walipoichapa Oakland michezo minne kwa bila na kutwaa ubingwa mwaka 1990, mimi nilikuwa na miaka minne. Ninachokumbuka ni kubebwa juujuu nikazungushwa sebuleni na mtu anayecheka huku machozi yanamtoka.

Mwaka 1994 timu yetu ya watoto wa mtaani ilikosa kocha. Baba alikuwa amesimama kwenye uzio, akaulizwa, akakubali. Mwaka huohuo, tarehe 12 Agosti, wachezaji wa ligi kuu waligoma na fainali zikafutwa, wakati Reds wanaongoza kundi lao. Redio ikanyamaza. Msimu wetu wa watoto ulikuwa umekwisha tangu Julai, lakini Baba aliendelea kutuita uwanjani kila Jumamosi hadi majani yalipoanza kupukutika. Alifundisha misimu tisa, na mitano ya mwisho mimi mwenyewe nilishavuka umri wa timu.

Kete zilikuwa za kuhesabia mipira. Bao lina kete 64. Baba alizitia zote mfuko wa kulia wa suruali, na kila mrushaji wetu, yule anayemtupia mpigaji, aliporusha mpira mmoja, kete moja ilihamia mfuko wa kushoto. Mfuko wa kulia ukibaki mtupu, mtoto anapumzisha bega, hata kama tunaongoza, hata kama baba yake mtoto anapiga kelele kule kwenye viti. Siku zile ligi nyingi za watoto zilihesabu inningi (zamu za mchezo) tu, na mtoto angeweza kurusha mipira mingi mno ndani ya inningi hizo. Little League, shirika la ligi za watoto, ilianza kuhesabu mipira mwaka 2007, na leo kikomo cha mtoto wa miaka 11 au 12 ni mipira 85 kwa siku, na wa miaka 9 au 10 ni 75. Baba alikuwa chini ya hapo miaka kumi na mitatu kabla, kwa kipimo cha bao.

Nimezihesabu. Zipo 61.

Jumamosi, 13 Januari: ukungu

Kazi ya leo ni rahisi, naieleza kwa mkato. Vaa barakoa. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kikamue sana, futa ngozi yote pamoja na ndani ya vidole. Acha dakika kumi. Kisha sabuni ya matandiko ya farasi (dola 7) kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, povu jepesi, futa. Jaza glavu magazeti ili isijikunje, iweke penye kivuli na feni. Siku tatu au nne.

Kosa dogo: kwenye glavu ya kwanza nilimimina siki badala ya kuifuta. Maji yakaingia kwenye bitana na sufu ya ndani, imelowa kabisa na inanuka achari.

Jumamosi, 20 Januari: nimeunguza moja

Hii ndiyo hasara kubwa ya mradi mzima, kwa hiyo isomwe taratibu.

Ile glavu iliyolowa nilichoka kuisubiri. Nje kuna barafu, ndani kuna tundu la hewa ya moto sakafuni. Nikaiweka juu ya tundu usiku kucha. Asubuhi ilikuwa imekauka kweli, na imesinyaa, na kiganja chake kikawa kigumu kama gamba la mnazi. Nilipojaribu kuikunja ikapasuka kuanzia kidole cha shahada hadi kisigino, yaani chini ya kiganja karibu na kifundo cha mkono.

Ngozi iliyolowa haivumilii joto ambalo ngozi kavu ingelivumilia. Hujikunja na kukaza, na ikishafika hapo hakuna mafuta yatakayoirudisha. Nilijaribu mara tatu kupaka mafuta kidogo na kusubiri. Ufa uliongezeka.

Nilimtumia Baba picha. Tanga wako mbele yetu kwa saa nane, kwa hiyo ninapoamka yeye ameshaswali adhuhuri. Akajibu kwa sauti:

“Marahaba mwanangu. Wajukuu hawajambo? Hiyo usiitupe. Hujui kamba zinapitaje, sasa umepata ya kusomea. Ifumue polepole uone ndani.”

Ndivyo nilivyofanya. Glavu iliyokufa nimeifumua hatua kwa hatua, nikipiga picha kila tundu. Picha 46. Anayeanza kazi hii na glavu nyingi kuukuu atoe moja mbovu kabisa iwe ya kujifunzia, lakini asiiharibu kwanza kama nilivyofanya mimi.

Zimebaki kumi.

Jumamosi, 3 Februari: mafuta

Mafuta ninayotumia ni yale yanayochemshwa kutoka miguu ya ng'ombe, dola 9 chupa. Yanalainisha vizuri na ni ya bei nafuu. Hatari yake ni kwamba ngozi hunywa bila kushiba. Glavu ya pili nilipaka mara tatu kwa siku moja kwa sababu kila nikirudi niliikuta imekauka juu. Siku ya pili ikawa nyeusi, inateleza, na nzito. Mizani ya jikoni: kabla ya mafuta gramu 430, baada ya mafuta gramu 610. Mtoto wa miaka tisa hawezi kuinua mkono wenye mzigo huo juu ya kichwa inningi sita.

Nilichojaribu:

Kuifuta kwa kitambaa kikavu. Haikusaidia.

Kuitundika karibu na dirisha. Haikusaidia.

Kuifukia kwenye unga wa wanga wa mahindi ndani ya ndoo. Hii ndiyo iliyofaa. Usiku wa kwanza unga uligeuka manjano na kushikana madonge. Nikaukung'uta, nikatia mpya. Baada ya siku tatu ilishuka hadi gramu 520. Rangi haikurudi, lakini mkono unainuka.

Kwa zilizobaki: matone ya kujaa kijiko kimoja cha chai kwa glavu nzima, kwa kitambaa, kisha usiiguse saa 24. Ikihitaji tena, nusu ya hapo. Hapo ndipo nilipokumbuka neno ambalo Dayton nzima ya watoto wa rika langu wanalijua bila kujua ni la lugha gani.

Mtoto anayejifunza kupiga huvurumisha gongo kwa kila mpira unaokuja, mzuri na mbaya. Makocha wengine walikuwa na maelezo marefu. Baba, pale karibu na besi ya tatu (besi ni vituo ambavyo mkimbiaji hukimbilia), mpira ukiwa nje ya eneo la kupigia alisema tu “Bado!” Ukiwa mzuri: “Sasa!” Baada ya wiki mbili benchi zima lilikuwa linaimba. Watoto wa Kimarekani kumi na wawili, weupe kwa weusi, “Bado! Bado! Bado... sasa!” Timu nyingine zilidhani ni ishara ya siri, na kocha mmoja alimuuliza mwamuzi kama inaruhusiwa. Na mimi niliposema “Baba” mbele yao, wakadhani ndilo jina lake. Akawa Kocha Baba hadi siku aliyoondoka. Wapo watu wazima hapa mjini, wenye watoto wao, ambao bado wananiuliza: Kocha Baba hajambo?

Jumamosi, 10 Februari: kamba nene

Niliagiza kamba za ngozi mbichi kumi na mbili, upana wa milimita 4.8, urefu wa kama mita 1.8 kila moja. Dola 54. Ndio upana unaotajwa kila mahali, na kila mahali wanazungumzia glavu za watu wazima.

Glavu nne kati ya hizi ni za watoto wa miaka sita hadi minane. Tundu zake ni ndogo. Niliivuta kamba kwa koleo nikasikia mlio, na ngozi kati ya matundu mawili ya kidole gumba ikakatika. Tundu mbili zikawa moja.

Kurekebisha: nilikata kiraka kutoka ile glavu niliyoiunguza (sehemu ya nyuma ilikuwa bado hai), nikakishona ndani kwa uzi wenye nta na msharasi, kisha nikatoboa tundu mpya. Saa mbili na nusu kwa tundu moja. Kinashika.

Kisha nikaagiza kamba kumi za milimita 4, dola 42. Kwa hiyo kabla ya kununua: pitisha mshikaki wa mbao kwenye tundu, uweke alama unapokwama, pima.

Mengine niliyojifunza kwa mkono. Upande wa kamba unaong'aa uwe juu mwanzo hadi mwisho, ukijipinda mara moja tu utakatikia hapo. Kata ncha iwe kali kama kalamu. Sindano maalumu ya kupitishia kamba (mbili, dola 14) inarahisisha, lakini shazia ya kushonea magodoro iliyokunjwa kidogo inafanya kazi ileile, nimeijaribu ya Mama. Na zaidi ya yote: toa kamba moja, weka kamba moja. Nilipofumua glavu nzima kwa mkupuo, vidole vilikaa ovyo na ilinibidi nirudi kwenye zile picha 46 tundu kwa tundu.

Jumamosi, 24 Februari: ya mkono wa kushoto

Nimeiacha makusudi hadi mikono izoee. Hii ilikuwa yangu.

Nilipokuwa na miaka minane nilikuwa narusha kwa mkono wa kulia na mpira haufiki popote. Baba aliniangalia mazoezi mawili bila kusema neno. La tatu akaniambia, “Hebu tupa kwa huo mwingine.” Mpira ukapita juu ya uzio.

Kwetu mkono wa kushoto una mipaka yake. Huli nao, humpi mtu kitu nao. Baba alizaliwa wa kushoto akageuzwa. Shuleni alichapwa vidole kila aliposhika kalamu kwa mkono huo. Kwa hiyo tulipofika nyumbani Mama akaanza kuuliza maswali, na Baba akaweka sheria ambayo nimekulia nayo: chakula kulia, mpira kushoto. Mama, aliyecheza sana rede utotoni, akasema hata kwenye rede mpigaji wa kushoto ndiye aliyekuwa anasumbua, humjui anatupia wapi. Mjadala ukaishia hapo.

Wiki iliyofuata kulikuwa na glavu hii juu ya mto wangu. Miaka yote niliamini aliinunua kwa bei kubwa dukani. Nimemuuliza. Amesema ilikuwa dola 3, kwa watu waliokuwa wanahama na kuuza vitu vyao uani, na alizunguka Jumamosi nne kuitafuta.

Aliniweka nafasi ya kati ya besi ya pili na ya tatu. Kocha wa timu pinzani akaja baada ya mchezo kumwambia kwa upole kwamba mtoto wa kushoto hawekwi pale. Baba hakubishana, hakukubali pia. Jumatatu alinisimamisha palepale, akanigongea mipira ishirini, akasimama nyuma yangu kutazama miguu. Aliona mwenyewe: kila nikiudaka, lazima nigeuze mwili mzima ndipo nirushe besi ya kwanza, na katika futi 60 za kukimbia, mkimbiaji anafika. Akanihamishia besi ya kwanza, ambako glavu yangu ya mkono wa kulia ilikuwa inaelekea uwanjani. Na kwenye kupiga akanionyesha kwamba nikisimama upande wangu nimekwisha kuiba hatua moja kwenda besi ya kwanza. Nilikaa pale miaka minne.

Sasa kazi. Glavu ya kushoto ni kama ile ya kulia iliyotazamwa kwenye kioo, na sikuwa na nyingine ya kuigiza. Nilifuata picha za ile ya kulia nikijaribu kugeuza kichwani. Nilikosea njia ya kamba ya kisigino mara mbili, nikafumua mara mbili, na kamba moja ikakatika kwa kuvutwavutwa (dola 4.20). Dawa yake ilikuwa kwenye simu siku zote: fungua picha, bonyeza pale pa kugeuza kushoto kuwa kulia. Nilizigeuza zote 46, na glavu ikakamilika kwa saa tatu.

Lakini niliposafisha mkanda wa nyuma niliona jambo. Mkanda una alama mbili za fundo la zamani la kamba. Moja imebana, ndipo mkono wangu wa utotoni ulipokaa. Nyingine iko mbali, legevu, nayo imechimba ngozi kuliko ya kwanza. Mtu mwenye mkono mkubwa alikuwa akiivaa, tena mara nyingi.

Nimempelekea picha. Hajajibu.

*Jumapili, 25 Februari.* Amejibu. Sauti ya dakika nne, na nusu yake ni kuku na pikipiki za huko. “Ulipokuwa unalala nilikuwa naenda kwenye ukuta wa shule, pale nyuma penye taa. Natupa, unarudi, nadaka. Kwa mkono wangu. Sikutaka unione, maana nilikuwa sijui. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, mwanangu, najifunza kutupa. Asubuhi naifunga tena kamba kwenye kipimo chako.”

Alama zote mbili nimeziacha. Kamba mpya inaweza kufungwa kwa mkono mdogo na kwa mkubwa.

Jumamosi, 9 Machi: wavu wa Kigombe

Kati ya kidole gumba na cha shahada glavu ina wavu wa ngozi, na mipira mingi hutulia hapo. Glavu ya saba wavu wake ulishakatika zamani, na Baba alikuwa ameushona upya kwa nailoni ya kijani. Nilidhani ni kiraka cha haraka. Nikachukua mkasi.

Kilichonizuia ni mafundo. Yote yamelingana, macho yote ukubwa mmoja. Babu alikuwa mvuvi Kigombe, kusini ya Tanga, na Baba alijua kufuma na kuziba nyavu kabla hajajua kusoma. Hili ni fundo la jarife, halitelezi, na linavutika kila upande.

Kwa uaminifu wa kazi nilifanya majaribio. Nilitengeneza wavu wa ngozi nikauweka kwenye glavu ya nane, kisha binti yangu alirusha mipira hamsini kwa kila moja, kutoka umbali wa futi 46, ambao ndio umbali wa mrushaji kwa watoto. Wavu wa ngozi uliachia mipira sita. Wa nailoni uliachia mitatu. Wa ngozi mpya bado ni mgumu na huenda utakuwa bora baadaye, hilo nalikiri. Lakini wa Baba una zaidi ya miaka ishirini na haujalegea fundo hata moja. Umebaki.

Mwenye nailoni ya kuvulia na hana ngozi, huu ni ufumbuzi halali kabisa. Tumia nene, isiyo nyeupe, kwa sababu nyeupe inamchanganya mpigaji pale mrushaji anapoivaa, na choma ncha kwa kiberiti.

Glavu ya mdakaji leo nimeikatia tamaa. Kiganja kimeoza kati. Ngozi ya nyuma nimeihifadhi kwa viraka, na sufu yake imeenda kwenye kisigino cha glavu ya tano.

Zimebaki tisa.

Jumamosi, 23 Machi: uwanjani, na aibu ya mafundo

Tumo kwenye Ramadhani, na saa zimesogezwa hapa, kwa hiyo sasa Tanga wako mbele kwa saa saba. Nilipeleka glavu zote tisa kwenye mazoezi ya asubuhi.

Baada ya dakika arobaini tano kati yake zilikuwa zimelegea. Vidole vinayumba, mpira unapita katikati. Kamba ya ngozi mbichi huvutika siku za kwanza, na mimi nilifunga fundo la mwisho papo hapo nilipomaliza kuipitisha. Hili halikuwa kosa la glavu moja. Nilikuwa nimelirudia kwenye zote tisa.

Marekebisho yalichukua wiki nzima ya usiku baada ya futari. Fungua fundo la mwisho, kaza kuanzia tundu la kwanza hadi la mwisho kwa ndoana butu, funga kwa muda tu. Dakisha mipira mia. Kaza tena. Ndipo fundo la kudumu. Kwa anayeanza upya: kabla ya kutumia, tundika kila kamba usiku mmoja na chupa ya maji ya lita moja ikining'inia mwishoni. Nilijaribu hivyo kwa kamba tatu zilizosalia, zilirefuka karibu sentimita sita kila moja. Urefu huo ndio uliokuwa unanilegezea glavu.

Usiku, tunangoja daku, nilizungumza na Baba kwa muda mrefu. Akanikumbusha Agosti 2012, alipoendesha gari hadi Williamsport, Pennsylvania, kwenye mashindano ya dunia ya Little League, kwa ajili ya watoto wa Lugazi, Uganda. Ilikuwa mara ya kwanza timu kutoka Afrika kucheza pale. Mwaka uliotangulia timu ya Kampala ilifuzu ikanyimwa viza. Lugazi walishindwa na Panama, wakashindwa na Mexico, kisha wakawashinda vijana wa Gresham, Oregon, 3-2. Kiingilio ni bure pale, na Baba alikaa kwenye kilima cha majani na blanketi la Mama. Anasema mtoto mmoja wa Uganda aliuacha mpira mbaya upite, na yeye akajikuta amesimama, peke yake katikati ya watu wasiomjua, anapiga kelele: “Bado!”

Jumamosi, 6 Aprili: zimeondoka

Hesabu kwanza. Sabuni dola 7, mafuta 9, kamba nene 54, kamba nyembamba 42, sindano 14, msharasi 8, uzi wa nta 6, kipande cha sufu 5. Jumla dola 145. Siki, wanga na magazeti vilikuwa vya nyumbani. Glavu zilizopona ni tisa, yaani kama dola 16 kila moja. Fundi niliyemuuliza Januari alitaka 60 kwa kila glavu. Saa zangu ni 52, na ningekuwa nimejua habari ya tundu, joto na kuvutika kwa kamba, zingetosha 30.

Asubuhi nilizipanga kwenye benchi kwa ukubwa. Watoto watatu niliowajua walikuwa wameshakuwa watano. Mmoja ni msichana mgeni, wazazi wake ni Wakongo, tumesalimiana kwa Kiswahili. Nilimpa ya kulia, akaivaa, akarusha mpira mmoja, ukafa njiani. Sikusema kitu. Wa pili ukafa. Nikamwambia, “Hebu tupa kwa huo mwingine.”

Glavu ya mkono wa kushoto imeenda kwake. Nilimfungia kamba kwenye alama ya ndani, ile iliyobana.

Zile nne zilizobaki zinakaa kwenye mfuko wa kijani, kwa yeyote atakayekuja bila. Baba ametaka mbili kati yake ziletwe Dar Desemba nikienda likizo, kwa vijana wa ule uwanja wa besiboli uliojengwa shule ya sekondari ya Azania kwa msaada wa Japani. Nitaandika hapa zikifika.

Kocha wa binti yangu aliniomba nisaidie kuhesabu mipira ya mrushaji, ana programu ya simu lakini betri imekwisha. Nilikuwa na kete mfukoni. Zilikuwa 61, na jana kwenye futari nilikuwa nimeosha kokwa tatu za tende nikazianika dirishani. Nikazitia zote mfuko wa kulia. Mtoto akarusha wa kwanza, ukapita juu ya kichwa cha mdakaji. Nikahamisha moja.